Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: Karatasi iliyo ukutani kwetu imepitwa na sheria

Ndugu Kamishna,

Salamu kutoka Usa River. Mimi ni afisa rasilimaliwatu katika shamba moja la maua huku Arusha. Wafanyakazi wameshazoea kuniita Mama Utumishi, jina la zamani la kazi yetu, na mimi nimelipenda. Nakuandikia kuhusu karatasi iliyobandikwa ukutani nje ya ofisi yangu, pale pale wanapotia sahihi ya mahudhurio, na kuhusu mama mmoja aliyeumizwa na karatasi hiyo kwa mkono wangu.

Unaijua karatasi yenyewe kuliko mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 16, inamtaka kila mwajiri abandike mahali pa wazi maelezo ya haki za mfanyakazi. Yetu imefifia kwa jua. Inasema likizo ya mwaka ni siku 28, uzazi siku 84, mapacha siku 100, baba siku 3. Nimeajiri watu, nimewasimamisha mbele ya karatasi ile nikawasomea, kisha nikawaambia: haya ndiyo yako, usidhulumiwe.

Mwezi Mei 2025, dada mmoja wa kitengo cha kupanga na kufunga maua alijifungua mimba ikiwa na wiki 30. Mtoto njiti. Alikaa naye wodini wiki saba, mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ile huduma wanayoiita kangaruu. Alipotoka hospitali, zaidi ya nusu ya likizo yake ilikuwa imeishia kwenye kitanda cha wodi. Siku ya 84 ilipofika alinipigia simu. "Mama, naomba uniongezee muda. Mtoto hajafika hata kilo tatu." Nikamjibu nilivyojua: sheria imesema siku 84, ninachoweza kukupa ni siku chache bila malipo, uziombe kwa maandishi. Hakuja kuandika. Siku ya nne ya kutofika kazini nikamwandikia barua ya onyo ya utoro.

Ndugu Kamishna, wewe unafahamu uzito wa barua ile. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi hata kama ni la kwanza. Zilibaki siku mbili nianze kumwandalia kikao cha nidhamu. Siku ya tano alikuja, mtoto mgongoni, akapokea barua yangu kwa mikono miwili, akarudi kwenye meza ya kufungia maua. Mtoto akabaki kwa jirani. Sheria inampa mama anayenyonyesha saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mwanawe, na nilimpa, lakini kutoka shambani hadi kwake saa moja inaisha njiani.

Kumbe wakati huo sheria ilikuwa imeshabadilika. Mwanzoni mwa mwaka huo Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya sheria za kazi, na ndani yake mama wa mtoto njiti ametajwa waziwazi: muda wa kutoka siku ya kujifungua hadi siku ambayo mimba ingetimiza wiki 40 hauli siku zake 84. Baba wa mtoto huyo anapata siku 7, si 3.

Niliyajua hayo Septemba, mjini Moshi, kwenye kikao chetu. Sisi ni kundi la maafisa rasilimaliwatu wa Arusha na Kilimanjaro. Wengine wako mashambani kama mimi, wengine hotelini, shuleni, viwandani, na mmoja yuko kwenye kampuni ya kuongoza watalii. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, kila mtu na nauli yake, chai tunachangishana. Mwenzetu wa shule alikuwa amepata nakala ya marekebisho, kurasa kwa kurasa za Kiingereza. Akawa anasoma, sisi tunafasiri papo hapo na kubishania maneno. Alipofika kwenye kifungu cha njiti nilichukua bahasha nikahesabu nyuma yake. Kutoka wiki 30 hadi 40 ni wiki 10, yaani siku 70. Jumlisha 84. Siku 154. Mimi nilikuwa nimempa 84, na juu yake barua ya onyo.

Jumatatu yake nilikwenda kwa meneja na ile bahasha. Hakubisha. Tuliiondoa barua ya onyo kwenye faili, tukamlipa siku tulizomkata, tukamrudisha nyumbani amalizie siku zake. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipa mtoto nimpakate. Akaniambia bila hasira kwamba maziwa yalishapungua tangu aliporudi kazini, sasa mtoto anapewa ya ng'ombe. Sina la kumlipa kwa hilo, na hesabu ya mishahara haina safu yake.

Kutojua sheria si utetezi. Nalijua hilo na silikimbii. Kosa la kwanza ni langu. Lakini naomba unisikilize kuhusu njia ambayo sheria hupita hadi kutufikia, maana nimeifikiria sana tangu siku ile.

Mei Mosi ya 2024 iliadhimishwa kitaifa hapa hapa Arusha. Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alitangaza kuwa wazazi wa watoto njiti wataongezewa likizo, jambo ambalo taasisi ya Doris Mollel ilikuwa imelipigania kwa muda mrefu. Wafanyakazi wetu walikuwapo uwanjani wakiwa wamevaa fulana tulizowachapishia. Nami nilisikia. Nikadhani ni habari ya watumishi wa umma, sisi wa sekta binafsi tungoje. Tulipongoja, sheria ikapita, ikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na hakuna aliyetugongea mlango. Kampuni kubwa zina mawakili. Walio wanachama wa Chama cha Waajiri wana mahali pa kuuliza. Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi shambani kwetu, mtu makini, naye hakuwa na habari. Semina zilikuwapo, Dar es Salaam, hotelini, kwa kiingilio ambacho kwa siku moja kilizidi mshahara wa mwezi wa mfungaji maua. Niliomba fedha ya kwenda. Nikaambiwa mwaka ujao.

Na mabadiliko hayakuwa hilo moja. Marekebisho yale yale yamepanua orodha ya kazi ambazo mtu anaweza kupewa mkataba wa muda maalumu. Zamani ulikuwa wa wataalamu na mameneja. Sasa kazi za msimu na kazi zinazoongezeka kwa muda zimo. Kwetu wenye msimu wa Valentine hili ni jambo kubwa, na nakiri linanitia hofu. Naona jinsi kibarua aliyefanya kazi miaka sita anavyoweza kuandikiwa "msimu" mwaka baada ya mwaka, na asipate kuwa wa kudumu. Fidia ya aliyeachishwa isivyo haki nayo imepangwa upya, kwa kutazama kama mwajiri hakuwa na sababu halali au alikosea utaratibu. Likizo bila malipo sasa imeandikwa sheriani, hadi siku 30. Kila moja ya haya ingestahili kikao chake.

Kisha ikaja Amri ya Mshahara. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda, kwa wastani, kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Tangazo hili lilisikika kila mahali, hata dereva wa bodaboda aliniuliza. Lakini kilichosikika ni ile namba kubwa. Nilipoanza kupigiwa simu na wenzangu, maswali hayakuwa juu ya mshahara wa mwezi. Yalikuwa juu ya ovataimu. Tuchukue wastani huo kwa mfano tu, maana kila sekta ina kiwango chake. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa saa 195 kupata malipo ya saa, na ovataimu ni mara moja na nusu. Kwa kima cha zamani saa moja ya ovataimu ni kama shilingi 2,116. Kwa kipya ni kama 2,756. Tofauti ni shilingi 640. Mtu aliyefanya saa 50, ukomo unaoruhusiwa kwa wiki nne, akilipwa kwa kiwango cha zamani amedhulumiwa shilingi 32,000 bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu. Wenzetu wawili walikuwa wamepandisha mshahara na kusahau ovataimu. Waligundua kikaoni, kabla ya siku ya malipo.

Ndiyo maana naamini katika vikao hivi vidogo. Mwezi wa Novemba tulifanya igizo la kikao cha nidhamu. Mmoja akawa mtuhumiwa wa wizi wa dizeli, mwingine mwenyekiti, mwingine mwakilishi wa mfanyakazi. Wote tuna vyeti, wengine shahada ya pili. Mwenyekiti wetu alikuwa ndiye aliyefanya uchunguzi, jambo ambalo peke yake lingemwangusha mwajiri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi. Barua ya wito ilitolewa jioni, kikao asubuhi, na zile saa 48 za mtuhumiwa kujiandaa hakuna aliyezikumbuka. Hakuna aliyemwambia kuwa ana haki ya kukata rufaa. Tulirudia igizo mara tatu mpaka likanyooka. Tangu hapo sijaona mwenzetu akimwita mtu kikaoni kwa wito wa usiku mmoja.

Sisi si upande wa mwajiri kama wengi wanavyodhani, wala hatuwezi kujiita upande wa mfanyakazi. Kwenye Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, linaloishauri Serikali juu ya sheria za kazi, wamo Serikali, waajiri na wafanyakazi, na ni sawa hivyo. Lakini sheria ikishatoka humo, mkono wa mwisho unaoiandika kwenye barua ya mtu ni wetu.

Ombi langu la kwanza ni karatasi ile. Kila sheria ya kazi inapobadilika, ofisi yako itoe maelezo mapya ya haki za mfanyakazi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yenye tarehe juu kabisa ili mtu yeyote aone kama imepitwa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Basi karatasi ya ukutani iwe ya kwanza kuonja tunda hilo. Iwe na mfano wa hesabu: mtoto akizaliwa wiki ya 30, mama anarudi lini. Mfungaji maua aliyeishia darasa la saba ataikokotoa mwenyewe, na akija kwangu nikiwa nimekosea atanionyesha kidole kwenye mstari. Dada yule angekuwa na karatasi hiyo, asingehitaji kuniomba mimi.

La pili ni maafisa wako. Afisa kazi anapofika shambani kwetu, mageti yanafungwa na kufunguliwa, mafaili yanahamishwa, kila mtu anakuwa na adabu isiyo ya kawaida. Ukaguzi ni wajibu wake na sitaki upungue hata kidogo. Ila naomba mara moja kila baada ya miezi mitatu afisa kazi wa mkoa aje kwenye kikao kama chetu, saa moja tu, bila fomu ya ukaguzi, atueleze kilichobadilika na atusikilize tunapokwama. Hatuombi posho wala ukumbi. Makundi kama yetu yapo na mikoa mingine, yamejiunda yenyewe, yanajifundisha yenyewe, na mara nyingine yanafundishana makosa kwa sababu hakuna mwenye mamlaka wa kusema hapana, si hivyo.

Najua maafisa ni wachache na mikoa ni mikubwa. Lakini saa moja na watu ishirini ambao kwa pamoja wanashika mafaili ya maelfu ya wafanyakazi ni rahisi kuliko migogoro ishirini mezani kwa Tume. Na wafanyakazi wengi hata huko Tume hawafiki. Aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko, na wengi huzimaliza wakitafuta mtu wa kuwaambia kama walidhulumiwa au la.

Karatasi ya zamani bado ipo ukutani, kwa kuwa nisipobandika kitu nitakuwa nimevunja sheria. Kando ya siku 3 za baba nimeandika kwa kalamu nyekundu: baba wa njiti, 7. Chini ya 84 nimeandika kwa mkono maelezo ya wiki 40. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kunyunyizia dawa, ambaye mkewe yuko kliniki, alisimama hapo akayasoma, akaniuliza kama maandishi ya kalamu yanahesabika.

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Moshi, saa nne asubuhi. Ukituma mtu, tutampokea stendi.

Wako katika kazi,

Afisa Rasilimaliwatu,
Usa River, Arusha