Tunu anachechemea na bado hatujui kwa nini

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaokuzunguka. Sisi hatujambo.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kilichoniuma zaidi ni pale ulipoandika kwamba umeanza kujishuku mwenyewe, kwa kuwa daktari wa mifugo alipofika, Tunu, poni wako, yaani farasi wa umbo dogo, alitembea vizuri mbele yake, na gari lilipoondoka tu akaanza tena kuchechemea. Nakuamini, mwenzangu. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, kuficha maumivu kumo ndani ya damu yake. Akiona mgeni husisimka, masikio yakasimama, na kwa dakika chache akakanyaga kama mzima. Wewe unamwona anapotoka bandani hajachangamka, na anapogeuka pale kwenye kona. Ulichokiona umekiona. Ikiwa daktari hakukiona, basi kazi iliyobaki ni kumwonyesha.

Mpige video. Tafuta mahali pagumu na tambarare, mtu mwingine amwongoze kwa kamba iliyolegea ili kichwa kiwe huru, na wewe upige kwa mbele, kwa nyuma, kisha kwa ubavuni, akitembea na akienda mwendo wa mchakamchaka. Mguu mmoja wa mbele ukiuma, kichwa hupanda pale mguu mbovu unapogusa ardhi, na hushuka pale mguu mzima unapobeba uzito. Usiache kurekodi sauti, maana kwenye ardhi ngumu mguu unaouma hutua kwa kishindo kidogo kuliko mwenzake, na sikio mara nyingi hukamata kabla ya jicho. Lakini miguu yote miwili ya mbele ikiuma sawa, kichwa hakitikisiki kabisa. Utaona hatua fupi fupi tu, kama mtu anayepita peku juu ya kokoto za moto. Hapo ndipo watu husema farasi ni mvivu, au mkaidi, au bega limekaza. Mzungushe polepole kwenye duara, kulia kisha kushoto. Mguu wa ndani ya duara hubeba zaidi, na ulemavu uliojificha hujitokeza.

Nakuambia haya kwa sababu yalinikuta kwa farasi wangu Shaba. Hakukuwa na jeraha wala uvimbe, na koleo la kupimia kwato lilipombana hakushtuka. Picha za eksirei zikatoka safi, nikaambiwa labda ni mgongo. Daktari mwingine ndiye aliyeamua kutumia sindano ya ganzi. Huanzia chini kabisa, juu kidogo ya visigino vya kwato, anatia ganzi mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye kwato, mnasubiri dakika chache, kisha farasi anakimbizwa tena. Kilema kikiondoka, maumivu yamo kwenye kwato. Kikibaki, ganzi hupanda ngazi moja juu, na nyingine, mpaka mahali papatikane. Shaba alitiwa ganzi mguu wa kushoto, na ghafla akaanza kuchechemea mguu wa kulia, ule ambao hakuna mtu aliyewahi kuutilia shaka. Nilisimama nimeshika kamba, nikamwona daktari anatikisa kichwa polepole na kusema, "Ni yote miwili." Kwa muda wote ule kushoto kulikuwa kunauma zaidi kidogo tu, kukafunika kulia.

Kwa hiyo kama daktari wako hajafanya kipimo cha ganzi, muombe. Kumbuka pia kwamba eksirei safi haimaanishi kwato ni nzima. Eksirei huonyesha mifupa, lakini kano na mishipa iliyomo ndani ya kwato huonekana vizuri zaidi kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, pale inapopatikana. Hata mfupa wenyewe, ufa mwembamba kwenye ule mfupa wa ndani ya kwato unaweza usionekane siku ya kwanza ukaonekana picha ikirudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Sasa nije kwa Tunu mwenyewe. Umeniandikia kwamba kwenye mchanga ana nafuu, kwenye mawe anasita. Kwamba hali inakuja na kuondoka. Kwamba huja zaidi nyasi mbichi zinapochipua. Na ukaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba shingo yake imekuwa nene juu na ngumu ukiishika. Ndugu yangu, mimi si daktari, lakini nikiyaweka hayo pamoja, kabla ya kutafuta kitu cha ajabu ningetaka damu yake ipimwe insulini, ile homoni inayodhibiti sukari. Ninachokishuku ni laminaitisi, ugonjwa wa maumivu ndani ya kwato. Watu wengi huifikiria kuwa farasi aliyeegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, hawezi kusogea. Hiyo ni ile iliyokwisha kukomaa. Ipo ya chinichini, inayomfanya poni awe "mzito kidogo leo", kesho akawa sawa, na kila mara ikiacha madhara pale ukuta wa kwato unaposhikana na mfupa. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walionyesha kwamba poni wenye afya wakiwekewa insulini nyingi kwenye damu kwa muda wanapata laminaitisi, hata bila kula kitu kibaya. Poni kwa asili yao ni wepesi wa kupata shida hiyo, kwa kuwa miili yao huishi vizuri kwa chakula kidogo.

Ungekuwa umeniambia Tunu amezeeka na manyoya hayapukutiki kwa wakati wake, ningekuambia apimwe na homoni ya tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, pia. Kwa umri wake mwache daktari aamue.

Wakati unasubiri majibu, huwezi kukosea ukimwondoa kwenye nyasi mbichi na kumpa nyasi kavu zilizolowekwa majini kisha zikachujwa, maana sukari nyingine hutoka na maji. Nafaka na vitamutamu acha kabisa. Lakini usimnyime chakula! Poni mnene akikaa na njaa ghafla mafuta hufurika kwenye damu, na hilo linaweza kumuua haraka kuliko kwato. Kiasi cha nyasi kavu kinachopendekezwa mara nyingi kwa poni anayepunguzwa uzito ni kama asilimia 1.5 ya uzito wa mwili wake kwa siku, kikigawanywa mara nyingi; poni wa kilo 200 ni kama kilo 3, zipimwe kabla ya kulowekwa. Na asimame kwenye matandiko mengi laini, yafike mpaka mlangoni.

Umesema daktari alidhani ni jipu, mkangoja litumbuke. Ni wazo la haki. Jipu la kwato ndilo sababu ya kwanza ya farasi kuamka hawezi kukanyaga kabisa, na linapopasuka, kwa kawaida kwenye mstari wa nywele au kisiginoni, nafuu huja palepale. Ila jipu haliji na kwenda kwa miezi. Na kama angekuwa anapata majipu yanayojirudia, hilo nalo ni swali la kuuliza, maana kwato iliyodhoofishwa na laminaitisi huacha mianya ya uchafu kuingia. Kumkanda kwa maji ya vuguvugu na chumvi ya magnesi hakuna ubaya, ila usiendelee siku nyingi kwato ikalainika. Usimruhusu mtu yeyote achimbe wayo akitafuta usaha asiouona. Tundu la bure huchukua muda mrefu kujaa, na litakuchanganya wewe na daktari. Hakikisha tu chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Kuna jambo moja ninalotaka ulizoee mpaka mkono wako ulijue gizani. Asubuhi na jioni, gusa kwato zote nne. Joto peke yake lisikutishe, kwato hupata joto na kupoa mchana kutwa; tafuta ile iliyo tofauti na wenzake na ikabaki hivyo. Kisha panda kwa vidole hadi nyuma ya kifundo, upande wa ndani na wa nje. Utagusa kijikamba kinachoteleza chini ya ngozi, ndimo mishipa ya damu na ya fahamu inamopita pamoja. Weka vidole viwili juu yake, usibane sana maana utazuia damu, utulie. Kwa farasi mzima mapigo pale ni hafifu mno, pengine usiyapate kabisa mara ya kwanza. Yakikugonga vidoleni kwa nguvu bila hata kuyatafuta, kuna uvimbe na maumivu ndani ya kwato ile, na siku hiyo humpigii mtu mwingine kabla ya daktari. Anza leo akiwa na nafuu, ili uyajue mapigo yake ya kawaida.

Andika kila kitu kwenye daftari: mapigo, ardhi aliyotembea, alichokula, siku fundi wa kwato alipokuja. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Najua kishawishi kilivyo, unataka viatu vipya, chakula kipya, dawa ya kupaka na virutubisho vyote kwa pamoja, halafu akipata nafuu hujui umshukuru nani. Vilevile zile dawa za kutuliza maumivu, fenilbutazoni na jamaa zake, usimpe kwa uamuzi wako, na usizichanganye. Zinaharibu tumbo na utumbo zikitumika ovyo, na siku ya uchunguzi zinaficha kile kile mnachokitafuta. Ikiwa amepewa, mwambie daktari ni lini na kiasi gani.

Fundi wako na daktari wako wasimame pamoja mbele ya picha za eksirei. Kwa Shaba hilo ndilo lililotutoa. Daktari alionyesha kwamba ncha ya kwato imerefuka mbele na wayo umekuwa mwembamba, fundi akapunguza ncha kidogo kidogo na kufupisha muda kati ya ziara moja na nyingine. Hakuna aliyewahi kunipa jina la ugonjwa wake. Lakini kwato mpya ilipokuwa inashuka kutoka juu, mstari wake ukaonekana wazi ukutani, chini ya hapo mwelekeo wa zamani, juu yake mwelekeo mpya ulio wima zaidi, na kadiri mstari ulivyokuwa unakaribia ardhi ndivyo hatua yake ilivyorefuka. Ukuta wa kwato hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na ncha ya mbele inahitaji karibu mwaka mzima kufika chini. Ndiyo maana nakusihi usimhukumu fundi kwa ziara moja.

Umeniuliza pia lile swali gumu, kama ni ukatili kuendelea naye. Sitalikwepa. Barbaro, farasi aliyeshinda Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi za Marekani, mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wiki mbili baadaye, Mei 20, akatibiwa kwa miezi kadhaa na mfupa ukaunga. Kilichomshinda ni laminaitisi iliyoingia kwenye mguu wa nyuma uliokuwa mzima, na hatimaye kwenye miguu ya mbele, na Januari 29, 2007 wenyewe wakaamua apumzishwe milele. Walimfuata yeye kwa muda wote alipokuwa anakula, analala na kuamka kwa amani. Hayo yalipokwisha, wakaacha. Mimi natumia kipimo hicho hicho. Tunu anakula. Anakuita ukikaribia. Analala na kuinuka bila kuhangaika. Siku atakapokuwa analala mchana kutwa kwa kukwepa kusimama, mapigo ya moyo yako juu ya yale 28 hadi 44 ya kawaida akiwa ametulia, hataki kula, na dawa hazimpi nafuu, siku hiyo tutaongea jambo lingine, na nitakuwa upande wako. Leo hatujafika huko, na kutojua jina la kinachomsumbua si sababu ya kumkatia tamaa. Yule anayekuambia unapoteza muda hajui unachokifanya pale bandani kila alfajiri.

Mpigie daktari kesho. Mwambie insulini na ganzi, kwa maneno hayo hayo, na umtumie video kabla hajafika. Nami nitumie. Siku ya kipimo, ukitaka mtu wa kumwongoza Tunu ili wewe usimame utazame, nitakuja. Kamba nitashika mimi.

Msalimie Tunu, umkune pale nyuma ya masikio anapopapenda.

Rafiki yako akupendaye,
Zuhura