Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka huu na babu zetu wa Burma

Wazee wangu shikamooni, wengine habari zenu. Mambo ya hela mweka hazina atayasoma mwenyewe, mi naenda moja kwa moja kwenye kazi ya babu zetu wa keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma (Myanmar ya leo) kwenye Vita vya Pili vya Dunia, maana hapo ndo moyo wangu ulipo.

Vita vya Kwanza vya Dunia angalau vimetuachia alama, kuna Sanamu ya Askari pale Posta, kuna jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi. Sasa Kabaw nani anaijua? Ni bonde huko Burma karibu na mpaka wa India, mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani humo, na batalioni ya 26 na ya 36 zilikuwa za Tanganyika, yaani hawa wa kwetu kabisa, mvua haikatiki, magari yanazama kwenye tope, malaria nayo inawamaliza, huku wanapigana huku wanatengeneza barabara, mpaka Desemba mwanzoni wakaichukua Kalewa na jeshi likapata pa kuvukia mto Chindwin.

Na wapo ambao hata hawakufika. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika 2, wakafa watu 1,297, wengi askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nilipoisoma hii kwenye kikao mama mmoja akauliza mbona shule hatukufundishwa hata mstari mmoja, nikakosa cha kumjibu, na swali lake silisahau.

Kuna wanaosema ile ilikuwa vita ya Mwingereza haituhusu. Mwingereza ndo aliwapeleka, sawa, lakini waliokufa ni wetu. Kenya wanamtaja Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Burma akiwa keya kabla hajaingia msituni, kwa hiyo wao wanaiona njia ya kutoka Burma mpaka kudai uhuru, sisi ya kwetu hatujaifuatilia.

Mwaka huu tumezunguka nyumba kwa nyumba tukirekodi sauti za familia, kazi imeenda ila tumechelewa, mara nyingi anayesimulia ni mjukuu. Nawaomba sana, mwenye picha, medali, barua au kitabu cha jeshi cha babu amletee katibu, anapiga picha na kukurudishia hapohapo. Medali msiuze chuma chakavu jamani.