Shoga, njoo na kengele

Chicago, Jumapili usiku

Mwantumu shoga angu,

Za uko Tanga, za mama, za wale watoto wa dada. Voisi yako ya dakika 11 nimeipata na nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili naosha vyombo, nikacheka peke yangu kama mwehu pale uliposema eti kaka yako kakwambia Marekani bila gari hata mkate huupati. Mwambie kaka kweli zipo sehemu za hivyo, nyingi tu, ila Chicago ina treni na mabasi, na mi mwenzio mwaka wa nne huu gari sina na mkate nakula. La kodi ya chumba ntakupigia maana linataka tukae chini, leo nakujibu lile la baiskeli tu, kama unaweza kuendea chuoni.

Unaweza. Kutoka hapa kwangu Rogers Park, kaskazini mwa mji, mpaka chuoni kwako UIC, Chuo Kikuu cha Illinois cha hapa Chicago, ni mbali, ila ukipata chumba cha karibu haizidi nusu saa. Lakini kabla hujaanza kumringia kaka, jua kwamba mtu wa hapa akikwambia mtaa fulani una njia ya baiskeli usikubali haraka, muulize kwanza njia ya nini, ya rangi au ya zege? Mi nilichelewa kuuliza ndo maana nina kovu kwenye kiwiko.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa tano, natoka zamu ya usiku, saa mbili kasoro asubuhi, nimechoka ila nina raha zangu maana baridi ndo imeisha. Napanda na mtaa wa Clark kurudi nyumbani. Njia ya baiskeli pale ilikuwa mistari miwili myeupe na mchoro wa baiskeli chini, kushoto kwangu magari yanapita, kulia yamepaki mkia kwa mdomo, mi nimo katikati kama nyama kwenye sambusa na najiona nimepewa barabara yangu kabisa. Mara mlango ukafunguka mbele yangu, pwaa, hata breki sikuikumbuka, nikaingia nao kwa bega nikapindukia upande ule wa magari yanayopita. Alhamdulillahi nyuma hapakuwa na kitu, basi lilikuwa bado limesimama kwenye taa. Yule baba akashuka na kikombe cha kahawa mkononi na kahawa haikumwagika hata tone, shoga, hicho ndo nakikumbuka kuliko hata maumivu. Akasema samahani, sikukuona. Sikukuona! Na nina helmeti ya njano juu ya hijabu, nang'aa kama embe bivu.

Uku kupigwa mlango kuna jina lake, dooring, na faini yake kwa aliyefungua mlango, mwaka 2013 jiji waliipandisha kutoka dola 500 mpaka dola 1,000. Hela nyingi, ila inakuja ukishakuwa chini.

Mwanzo nilimlaumu yule baba tu. Baadaye ndo nikaanza kuona kwamba njia yenyewe imechorwa palepale milango inapofungukia, yaani mtu amekaa ofisini na rula yake akakupangia ukae mdomoni mwa mlango. Sasa hizi wanazoita za kulindwa wanachofanya ni kubadilishana nafasi tu. Baiskeli inapelekwa pembeni kabisa, inagusana na njia ya miguu, afu inaachwa nafasi ndogo ya milango, afu ndo magari yanapaki, afu ndo yale yanayotembea. Gari lililopaki linakuwa ukuta wako. Na hata mlango wa abiria ukifunguka kuna ile nafasi, na ukianguka unaangukia kwa watu siyo chini ya basi. Hakuna mashine wala utaalamu wa ajabu hapo, nashangaa imewachukua muda gani kufikiria. New York walifanya 2007 kwenye 9th Avenue, Chicago wakaja 2011 mtaa wa Kinzie, mwaka ambao Rahm Emanuel aliingia umeya na ahadi ya maili 100 za njia kama hizo.

Ila kuna kulindwa na kulindwa. Nyingi waliziwekea vijiti vya plastiki, vile vya kupinda gari likivigonga afu vinasimama tena, na vingine havisimami ng'o, vinabaki vimelala hapo. Mwenye lori la mizigo anavikanyaga kama majani. Na hata pasipo na kijiti utakuta gari limepaki kwenye njia na taa za hazadi zinawaka, ukimwambia anakujibu dakika moja tu. Dakika moja yake ndo wewe utoke uingie katikati ya magari. Kiangazi cha 2022 kule Uptown, siyo mbali na hapa, lori lilikuwa limesimama kwenye njia ya baiskeli ya mtaa wa Leland, mama mmoja akalazimika kulizunguka akiwa na binti yake wa miaka 3 kwenye kiti cha nyuma, na lori jingine kubwa likamgonga, mtoto akafa. Watu walijaa pale na maua na baiskeli zao. Kiangazi hichohicho jiji likatangaza kwamba zile njia za vijiti vya plastiki zitawekewa kingo za zege. Zege lilikuwepo siku zote, Mwantumu, wala siyo kwamba lilivumbuliwa mwaka ule.

Sijakuandikia hayo ili ubaki Tanga. Ila nchi hii kubwa mwaka 2022 peke yake walikufa waendesha baiskeli zaidi ya 1,000, sasa nisipokwambia mimi atakwambia nani, yule kaka na gari lake?

Haya turudi kwenye raha. Katikati ya mji kuna mtaa wa Dearborn, toka mwisho wa 2012 una njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi upande mmoja wa barabara na taa zake zenyewe za trafiki. Taa ya baiskeli ikiwa kijani, magari yanayotaka kukata kushoto yamewekewa mshale mwekundu, yanakusubiri wewe, gari la maelfu ya dola linakusubiri wewe na baiskeli yako ya mtumba. Siku ya kwanza kuona taa yenye picha ya baiskeli nilisimama nikaipiga picha nikamtumia mama, mama akajibu, na punda je, wana yao?

Afu kuna ziwani, Ziwa Michigan. Njia ya kando yake inaitwa Lakefront Trail, maili 18, kama kilomita 29 za kwetu, hakuna gari hata moja ndani yake, na toka 2018 wametenganisha wanaokimbia na wanaoendesha ili tusigombane. Kutoka kwangu nashuka mitaa ya ndani mpaka mtaa wa Ardmore njia inapoanzia, napinda, baaas, maji kushoto mpaka mjini. Saa 12 asubuhi jua linachomoza majini kama Raskazone kabisa, ila maji hayana chumvi na hamna harufu ya mwani, pua yangu mpaka leo haijazoea. Kazini nafika saa nzima kamili upepo ukiwa mzuri, ukiwa mbaya tusiongee. Ukija kitu cha kwanza ntakupeleka hapo, kabla ya hayo maghorofa mnayoyaona kwenye picha.

Ila ujifunze kukaa upande wa kulia. Uku kila kitu ni kulia, unaweza kusema unajua mpaka utakapochoka kidogo kichwa kikarudi Tanga. Mi wiki ya kwanza pale ziwani anayetaka kukupita anakupigia kelele kwamba anapita kushoto kwako, sasa mi nikisikia neno kushoto nasogea kushoto, si ndo kwetu kwa kukaa, basi nikawa nawaziba kila mtu, mzee mmoja karibu aingie ziwani. Na kwenye makutano angalia gari linalokata kulia mbele yako, hilo ndo baya kuliko yote, hakupiti kwa kasi, anakupita polepole afu anakukunjia usoni. Usikae kamwe ubavuni mwa lori kwenye taa, kaa mbele akuone au nyuma uponee.

Sasa lile swali uliloliuliza kwa kunong'ona kama wanakusikia, kama polisi wa hapa wanawasumbua waendesha baiskeli. Hapa mtu mzima haruhusiwi kuendesha juu ya njia ya waenda kwa miguu. Sawa. Lakini mwaka 2017 gazeti la Chicago Tribune lilichambua tiketi za faini ambazo polisi wanawaandikia waendesha baiskeli wakakuta mitaa ya weusi ndo inaandikiwa kupita kiasi, Austin, mtaa wa upande wa magharibi wa mji, ikiongoza, wakati mitaa ya wazungu yenye baiskeli kila kona wanaandikiwa chache. Na ukienda kuangalia hizo barabara za magharibi na kusini ni pana, magari yanakimbia kama yako haiwei, njia ya baiskeli ya kueleweka hamna, sasa mtu apande wapi kama siyo juu ya njia ya miguu? Hamjampa njia afu mnamtoza faini kwa kujiokoa. Hilo linaniuma kuliko mlango wa yule baba. Hata hapa kwetu Rogers Park watoto wa Wakongo, wale wanaoongea Kiswahili cha Bukavu, mama zao wanawaambia wapande juu kwenye njia ya miguu, na mi sina ubavu wa kumwambia mama yeyote kakosea.

Na kinachochekesha, au kinacholiza, ni kwamba moja ya njia ndefu za kule kusini imepewa jina la mtu mweusi, Major Taylor. Nilikuwa simjui. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli mwaka 1899, weusi walikuwa wananyimwa hata chumba cha kulala hotelini na yeye anawashinda mbele ya macho yao. Akafia hapahapa Chicago 1932, maskini, kaburi halina hata jina, mpaka 1948 waendesha mbio wa zamani wakamhamishia mahali pa heshima kwa hela ya Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha baiskeli cha hapahapa. Kwenye daraja la mto Little Calumet wamemchora mkubwa ukutani. Tulienda mwaka jana na wenzangu wawili wa kazini, tukala maandazi yangu chini ya picha yake, nikamwambia Major karibu.

Baridi usiniulize sana, utaiona. Ntasema tu kwamba theluji wakiisukuma barabarani mara nyingi inaishia kwenye njia yetu, inaganda kama kichuguu, na chumvi wanayomwaga inakula cheni mpaka inalia. Mi kuanzia mwezi wa 12 napanda treni, siyo shujaa. Wapo wanaoendesha mwaka mzima, nawapungia mkono dirishani. Na ukikwama popote, mabasi ya mji yana kibebeo mbele kinachukua baiskeli mbili, unapachika mwenyewe unaingia, dereva hakusaidii ila anakusubiri.

Baiskeli usinunue mpya, itaibiwa kabla hujamaliza kuilipia. Kuna watu wanaitwa Working Bikes, wapo Western Avenue, wanapokea baiskeli za kuachwa, nyingine wanazitengeneza wanauza hapa bei ya chini, nyingine wanajaza makontena wanapeleka Afrika na Latini Amerika. Yangu nimeitoa hapo. Siku ile nimesimama naangalia kontena linapakiwa nikasema kumbe mitumba tunaigombania Ngamiani na mi nimevuka bahari kuja kuinunua mlangoni kwake. Hela utakayobakiza nunua kufuli zito lile la chuma la umbo la U, usije ukafunga na mnyororo wa kufungia mbuzi.

Sasa sikiliza. Nitumie urefu wako kwa sentimita, pima bila viatu na usinidanganye kama ulivyomdanganya fundi wa gauni la harusi ya Zuhura, maana fremu siyo gauni, haiachiliwi mshono. Na mi nataka kitu kimoja tu kutoka uko, wala siyo kashata. Nenda kwa yule fundi baiskeli wa Barabara ya 12, mwambie akutafutie kengele ya baiskeli za Phoenix, ile kubwa ya chuma inayolia krrring mpaka mbwa anaamka, siyo hivi vya hapa vinavyolia ting kama kijiko. Nimechoka kuwapigia watu kelele za kushoto. Ifunge kwenye khanga uiweke kwenye begi la mkononi, wakikuuliza uwanja wa ndege waambie ni kengele, uwapigie wasikie.

Wako wa siku zote,
Mwanaidi