Gemu Mmeitengeneza Watatu. Je, Ni Mali ya Nani?

Wengi wanaokuja ofisini kwetu hapa Nairobi huja na mkataba wa mchapishaji, ile kampuni inayogharamia gemu na kuiuza, wakitaka tuwaambie kama asilimia waliyopewa ni nzuri. Tutafika hapo. Kwanza tunauliza: msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayoendesha gemu, aliandika nani, wahusika walichorwa na nani, muziki ni wa nani, na maandishi ya kuthibitisha hayo yako wapi? Mikataba hii kwa kawaida huwa na kipengele unachoahidi kwamba kila kilichomo ndani ya gemu ni chako kukiuza. Akijitokeza mtu na kudai fungu lake, gharama ya kesi inakuangukia wewe.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kina jambo ambalo wachoraji wengi hushtuka kulisikia. Hakimiliki huanzia kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa katika ajira yake, huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Kwa hiyo mchoraji anayetaka kubaki na haki ya wahusika wake ahakikishe imeandikwa kabla hajaanza kuchora. Uingereza ni kinyume: msanii wa kujitegemea hubaki na hakimiliki hata akishalipwa, mpaka aihamishe kwa maandishi yenye saini. Ukiagiza muziki kwa mtu aliye London, usione risiti ya malipo ukadhani shughuli imekwisha.

Kesi zinazotuumiza roho zaidi ni za marafiki. Vijana watatu wamekutana chuoni, mmoja anaandika msimbo, mwingine anachora, wa tatu anashughulikia sauti. Hakuna aliyemwajiri mwenzake, hakuna aliyemwagiza mwenzake, basi kifungu kile hakiwasaidii. Kila mmoja ana haki juu ya alichokifanya kwa mikono yake. Wa tatu akipata kazi Dubai na kuacha kupokea simu, wawili waliobaki wana gemu wasiyoweza kuiuza kwa amani. Na kampuni mtakayoisajili baadaye haizichukui haki hizo yenyewe. Kila mmoja lazima aihamishie kwa maandishi na saini, kwa kuwa sheria haitambui uhamisho wa mdomo. Ni waraka wa kurasa chache tu. Tunawasihi muufanye mapema, wakati gemu haijaingiza hata shilingi, kwa sababu hapo bado mnaaminiana na hakuna cha kugombania. Katika waraka huohuo tunaandika pia kwamba hisa za kila mbia zinaiva kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi, ili anayeondoka mapema asibaki na theluthi nzima.

Hata Tetris, gemu maarufu ya kupanga vipande vinavyoshuka, ilipita kwenye misukosuko hii. Alexey Pajitnov aliibuni mwaka 1984 huko Moscow, akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, na haki zikashikwa na shirika la serikali liitwalo Elorg. Gemu ikauzwa dunia nzima, lakini yeye alianza kupata mrabaha mwaka 1996. Katikati palizuka ugomvi kuhusu neno "kompyuta": waliokuwa na leseni ya kompyuta waliuza haki za konsoli (mashine maalumu za kuchezea gemu), haki ambazo hawakuwa nazo, na mwaka 1989 mahakama Marekani ikaizuia kampuni ya Tengen kuuza toleo lake la konsoli ya Nintendo. Ndiyo maana tunataja kila jukwaa kwa jina katika mikataba tunayoandika: simu, kompyuta, konsoli. Lisilotajwa linabaki lako.

Muziki nao una muda wake. Gemu iitwayo Alan Wake iliondolewa madukani Mei 2017 kwa sababu leseni za nyimbo zake ziliisha, ikarudi Oktoba 2018 baada ya leseni kupatikana upya. Ukinunua leseni ya wimbo, angalia inaisha lini.

Sasa ile asilimia. Tuseme mchapishaji amekupa dola 20,000 za kutangulia, mgao ni nusu kwa nusu, na gemu imeingiza dola 50,000 baada ya duka kukata lake. Kama mkataba unasema zile 20,000 zinarudishwa kutoka kwenye mapato yote kabla ya kugawana, zinabaki 30,000 na wewe unapata 15,000. Kama zinakatwa kwenye fungu lako, nusu yako ni 25,000, ukitoa 20,000 unabaki na 5,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni dola 10,000, na yote imo katika sentensi moja ambayo watu huipita haraka. Tafadhali usiipite.

Kikao cha kwanza hatutozi. Njoo na mkataba uliopewa hata kama ni rasimu, majina ya wote waliogusa gemu, na leseni za sauti, fonti na picha ulizopakua mtandaoni. Kama mchapishaji amekupa siku chache za kusaini, tuambie unapopiga simu, tutakuweka mbele ya foleni.