Malalamiko kuhusu Tozo ya Ziada: Gigabaiti 470 Zilizokataa Kuingia kwenye Nafasi ya 500

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA ZIADA KWA SABABU YA VIPIMO VIWILI VYA GIGABAITI

Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha kuhifadhi mafaili mtandaoni cha GB 500. Naandika kupinga tozo ya ziada iliyo kwenye ankara ya mwezi huu, pamoja na maelezo niliyopewa nilipoiulizia.

Kabla sijapakia picha na video zangu, programu yenu iliyo kwenye kompyuta yangu ilipima folda nzima, ikaandika GB 470, kisha ikanihakikishia kuwa nafasi inatosha. Nikaruhusu. Upakiaji ulipokaribia kwisha, seva yenu ikadai nimevuka GB 500, na tozo ikaanza kuhesabiwa. Folda ni ileile. Halikuongezeka hata faili moja.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba mafaili "huvimba" yakifika kwenye seva. Hayavimbi. Programu yenu huhesabu gigabaiti moja kuwa 1024 × 1024 × 1024, yaani baiti 1,073,741,824. Zidisha kwa 470, utapata baiti 504,658,657,280. Seva yenu huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, kwa hiyo mzigo uleule inausoma GB 504.66. Ukigeuza upande wa pili, nafasi mliyoniuzia ni GB 465.66 tu kwa kipimo cha programu yenu, na programu hiyohiyo ndiyo iliyosema 470 zitaingia.

Sina ugomvi na bilioni. Katika vipimo vya kimataifa kilo ni elfu na giga ni bilioni, na watengenezaji wa diski huuza hivyo. Wanaohesabu kwa 1024 nao wana sababu yao: kumbukumbu ya kompyuta hujengwa kwa vipeo vya mbili, na mbili ikizidishwa yenyewe mara kumi ni 1024, jirani kabisa wa elfu. Ni kwa ajili ya mkanganyiko huu IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ilitoa majina ya pekee mwaka 1998: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, kwa alama za KiB, MiB na GiB. Programu yenu ingeandika GiB 470 nisingekuwa na la kusema. Herufi moja!

Wala msiniambie tofauti ni ndogo. Kwenye kilobaiti ni asilimia 2.4, kwenye gigabaiti imeshafika 7.4, na kwenye terabaiti inakaribia 10. Mteja wenu wa terabaiti 2 akipimiwa na programu yenu anabaki na takriban 1.82. Muuza duka akikutwa na mizani mbili, moja ya kupokelea na nyingine ya kutolea, hakuna anayekaa kujadili nia yake.

(Na mkiwa mnarekebisha, tazameni pia ukurasa wenu wa kasi. Mmeandika MB 100 kwa sekunde ilhali mnachopima ni megabiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kasi halisi ni megabaiti 12.5.)

Naomba tozo hiyo ifutwe yote, kwa kuwa ilitokana na ahadi ya programu yenu wenyewe. Naomba pia programu na seva zitumie kipimo kimoja, chochote mtakachochagua, na pembeni ya kila namba muonyeshe idadi kamili ya baiti ili mteja aweze kujihesabia. Jibu lenu liwe la maandishi, na litaje baiti ngapi seva yenu imerekodi kwa folda yangu.

Nimeambatanisha picha ya skrini ya programu na ya ukurasa wa matumizi. Ada ya kawaida ya kifurushi nimeshailipa; hiyo ya ziada sitailipa hadi nipate jibu.

Wenu,
Mteja wa kifurushi cha GB 500