Kuhusu vidonge ulivyoviweka kabatini

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku tu wazima. Ningependa kukuandikia kwa utulivu zaidi, lakini lile ulilolidokeza mwishoni mwa barua yako, kana kwamba ni jambo dogo, limenikosesha usingizi: ati tangu uambiwe una kisukari cha aina ya pili, umeamua kujitibu kwa chakula peke yake, na vidonge umeviweka kabatini.

Nikupe haki yako kwanza, maana nakujua, usipopewa hutasikiliza. Chakula na mazoezi vina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari, kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformini, dawa ya vidonge ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Wala si miujiza: mafuta yakijaa kwenye ini, insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, hushindwa kufanya kazi yake barabara, na msuli unapotumika hufyonza sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini inasuasua. Kwa hiyo kutembea kidogo baada ya kula, jambo ambalo wengine hulifanyia mzaha, kuna faida ya kweli.

Hata hivyo, Salim, watu hao walikuwa bado hawajaugua, nawe umekwisha kuugua. Najua utaniambia kuhusu wale wagonjwa wa kisukari wa utafiti wa Uingereza, ambao matokeo yao yalitolewa mwaka 2017, na karibu nusu yao, walipopimwa baada ya mwaka mmoja, sukari ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Ni kweli kabisa. Lakini walikuwa na ugonjwa usiozidi miaka sita, walifuata mlo uliopimwa, na dawa zao zilisimamishwa kwa mpango na wahudumu waliokuwa wakiwafuatilia. Kabati halipimi sukari ya mtu.

Kuhusu ile juisi unayoisifu, niruhusu nicheke kidogo. Tunda likikamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio na sukari hufika kwenye damu upesi. Heri ulile zima. Mjomba naye alikunywa juisi akidhani anakunywa dawa, na unayakumbuka yaliyofuata.

Tena hukutaja kama vile vidonge vya presha navyo umeviacha. Na kwa kuwa chumvi hupandisha presha, kumbuka hili: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa hata ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Geuza pakiti usome nyuma: ukikuta imeandikwa sodiamu, zidisha kwa mbili na nusu ndipo upate chumvi yenyewe. Nilipofanya hesabu hiyo kwa supu ya pakiti moja niliirudisha rafuni.

Sasa nijibu, tafadhali, wala usiruke swali hata moja. Kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu kilisomaje mara ya mwisho? Umewahi kupimwa macho na figo? Miguu haifi ganzi? Ni nani aliyekushauri kuacha vidonge, au ni wewe na simu yako? Na je, ukimweleza daktari waziwazi kwamba unataka kupunguziwa dawa kadiri uzito unavyopungua, unadhani atakataa? Mama Rehema amesema yuko tayari kukusindikiza kliniki. Mpigie wewe, kabla hajakupigia yeye.

Wako,
Hamisi