Shukrani kwa mzee fundi wa jirani

Mzee wangu uliyepita kwenye kiwanda chetu kidogo cha uchapaji, Kariakoo, tukijiandaa kubadilisha kisu cha mashine ya kukatia karatasi: shikamoo, na asante sana. Ulizima umeme kwenye swichi kuu, ukakifungia kisu kibebeo chake cha mbao kwa skrubu kabla hakijatoka mashinani, maana hata kisu butu hukata kidole. Ufito wa plastiki unaopokea makali ukaugeuzia upande mpya. Na ule utepe wa gundi uliobana kitufe kimoja kati ya viwili vya kushushia kisu, uliokuja na mashine tulipoinunua mtumba, uliubandua mwenyewe. “Vitufe viwili, mikono miwili,” ukamwambia kijana wetu, ili usibaki mkono chini ya kisu. Mungu akuzidishie afya, mzee. Chai yako ipo siku yoyote.